Chini ya Rangi Mpya

Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini London ilitakiwa kuamua kama gari moja lilikuwa kweli ndilo lile lililotajwa kwa jina lake. Lilikuwa Bentley Speed Six liitwalo Old Number One, mshindi wa mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na tena mwaka 1930, Woolf Barnato akiwa mmoja wa madereva wake mara zote mbili. Mwaka 1932, likiwa limekwisha kubadilishwa sana na kupandishwa injini ya lita 8, liliruka ukingo wa uwanja wa Brooklands na dereva wake, Clive Dunfee, akafa. Likaundwa tena, safari hii likavishwa bodi yenye paa. Karibu miaka 60 baadaye kampuni moja ilikubali kulinunua kwa pauni milioni 10, kisha ikakataa kulipa, ikidai kwamba ilichopewa sicho ilichoahidiwa, kwani vipande vya gari la ushindi vilikuwa vimekwisha kuondoka karibu vyote. Jaji Otton alikubali kwamba vimeondoka, na hakuwa tayari kuliita gari hilo la asili. Hata hivyo aliamua kwamba hilo ndilo Old Number One na kwamba mnunuzi alipe. Halikuwahi kuvunjwa likatoweka kisha likazuliwa upya. Kila badiliko lilifanywa juu ya gari lililokuwapo, na hakukuwa na gari jingine duniani lililoweza kudai jina hilo.

Uamuzi huo si habari ya matajiri wa Ulaya peke yao. Land Rover 109 ya miaka ya 1960 iliyoegeshwa uani, iwe Moshi au Nakuru, inamwuliza mwenyewe swali lilelile pindi anapoanza kuifumua. Chesisi imeliwa na kutu kutoka ndani, kwa hiyo inaagizwa mpya. Injini ya petroli imechoka na spea zake ni za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo inashushwa na mahali pake inapandishwa dizeli ya Toyota. Waya za umeme zinabadilishwa, breki zinabadilishwa, viti vinashonwa upya. Siku litakapowashwa, ni gari gani litakalokuwa limewaka? Wapo watakaosema kwamba hilo ni swali la watu wenye nafasi ya kupoteza. Silioni hivyo. Ni swali la jinsi kitu kinavyoweza kubadilika na bado kikabaki kilekile, na tukilifuata mpaka mwisho tunakuta kwamba linahusu uaminifu kuliko linavyohusu vyuma. Ninachoshikilia ni hiki: gari la kale ni amana iliyopita mikono mingi, na linabaki lenyewe kwa muda wote ambao amana hiyo inapokewa na kukabidhiwa kwa ukweli. Kulibadilisha hakulisaliti, ila kuficha kilichobadilishwa kunalisaliti.

Jibu la kwanza linalowajia watu kichwani ni la vipande: gari ni chuma chake, na chuma kikienda gari limekwenda. Wagiriki walilijadili jambo hili kupitia merikebu ya Theseus, ambayo Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza kwa kung'oa ubao uliooza na kupigilia mzima, hadi wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni ileile na wale wakisema siyo. Wabudha walilisogeza karibu zaidi na gereji. Katika Milinda Panha, maandiko ya Kipali, mtawa Nagasena anamwuliza mfalme Milinda, mtawala wa asili ya Kigiriki, kuhusu gari la farasi lililomleta. Je, gari ni mhimili wake? Ni magurudumu? Ni nira? Kila mara mfalme anakataa, na hata hivyo hawezi kuonyesha gari jingine lililojificha nyuma ya vitu hivyo. Nagasena alikuwa akielekea kwenye fundisho kwamba hata nafsi ya mtu haina kiini cha kudumu. Si lazima tumfuate hadi huko ili tukubali alichokionyesha kuhusu gari, yaani kwamba hakuna kipande ambacho ukikitoa, gari lenyewe linatoka pamoja nacho.

Sheria nayo, kila inapojaribu kupima kwa vipande, inaishia kukiri jambo hilohilo bila kukusudia. Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza ilitumia mfumo wa pointi kuamua kama gari lililobadilishwa sana libaki na namba yake ya zamani. Zilihitajika pointi 8. Chesisi ilikuwa na pointi 5. Springi na shokapu 2, ekseli 2, giaboksi 2, stelingi 2. Injini, ambayo wengi wangesema ndiyo roho ya gari, ilipewa 1 tu. Na la kushangaza zaidi, chesisi mpya kutoka kwa mtengenezaji, isiyofanyiwa badiliko lolote, ilihesabiwa sawa na ile ya zamani. Basi hata sehemu iliyopewa uzito mkubwa kuliko zote haikutakiwa iwe chuma kilekile. Kadi ya gari ya Tanzania huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini, na hilo ni jambo la busara kwa kazi ya kuzuia wizi. Lakini namba ni njia ya kulifuatilia gari katika mikono inayolipokea, na ufuatiliaji ndio wenye maana. Chuma kilichochongwa namba hiyo ni mahali pa kuiandika tu.

Wanaouona udhaifu wa jibu la vipande hukimbilia umbo. Gari, wanasema, lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani, rangi ileile, kabureta ileile, hata skrubu za mtindo uleule, na hapo ndipo litakapokuwa lenyewe. Hili ndilo jibu linalotawala kwenye maonyesho mengi ya magari ya kale, na lina mvuto wake, kwa sababu linadai nidhamu na elimu. Lakini tuangalie asili hiyo ilikuwa nini. Mwaka 1947 kampuni ya Rover ilitengeneza gari la majaribio kwa kutumia chesisi ya Jeep ya Kimarekani, likafungwa mitambo ya Rover na usukani ukawekwa katikati. Land Rover yenyewe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya aloi ya aluminiamu kwa sababu chuma kiligawiwa kwa mgao baada ya vita, na rangi ya kijani ya magari ya mwanzo ilitokana na akiba ya jeshi iliyobaki. Kinachoheshimiwa leo kama asili kilikuwa suluhisho la upungufu, kilichoungwa na mafundi kutokana na walichokuwa nacho, kama mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, wanavyofanya kila siku. Anayeligandisha umbo lile kana kwamba lilishuka likiwa kamili anaheshimu matokeo na kuisahau akili iliyoyazaa.

Ushahidi mzito zaidi dhidi ya jibu la umbo umetoka kwa watengenezaji wenyewe. Mwaka 1963 Jaguar ilitenga namba 18 za chesisi kwa ajili ya toleo jepesi la mashindano la E-type, lakini yakaundwa magari 12 tu. Mwaka 2014 kampuni ikatangaza kwamba itaunda 6 yaliyobaki kwa vipimo vilevile na kwa namba zilezile zilizokuwa zikisubiri kwa nusu karne. Mtengenezaji ni yuleyule, umbo ni lilelile, namba ni halali. Na bado hakuna mtu makini anayeyaita magari ya mwaka 1963. Yanaitwa ya mwendelezo, na kampuni yenyewe haikudai zaidi ya hapo. Yana kila kitu isipokuwa ile miaka 50 ya kuendeshwa, kugongwa, kuuzwa, kusahauliwa na kukumbukwa. Tukiyaweka kando ya Old Number One, ambalo umbo lake lilibadilika mara kadhaa na bado mahakama ikalitambua, tunaona wazi kwamba umbo peke yake haliwezi kulipa gari utambulisho wake.

Kinachobaki ni mwendelezo, na hapa msaada mkubwa unatoka kwa John Locke. Alieleza kwamba mti wa mwaloni ni uleule tangu unapochipua hadi unapokuwa mkubwa, ingawa maada yake yote hubadilika, kwa sababu uhai mmoja unaendelea ndani yake. Hoja hiyo ni nzuri kwa mti, lakini tukiihamishia kwenye gari tunakuta pengo lenye mafunzo. Mti hujiendeleza wenyewe. Hauhitaji mtu yeyote aukumbuke ili uwe ni uleule. Gari halina uhai wa kujiendeleza. Likiachwa peke yake linaelekea upande mmoja tu, kuwa udongo mwekundu. Mwendelezo wake wote linauazima kwa watu: aliyelinunua jipya, aliyelirithi, fundi aliyechomelea, mlinzi aliyelifunika turubai, na sasa huyu aliyelala chini yake Jumamosi mchana akifungua boliti zilizogandana. Hiyo ndiyo sababu ninasema suala hili ni la kimaadili kabla halijawa la kiufundi. Ikiwa utambulisho wa gari unabebwa na watu, basi unadumu au kuvunjika kulingana na jinsi watu hao wanavyosema kweli.

Mtu atapinga: historia ni maneno tu, na maneno hayana uzito wa chuma. Thomas Hobbes alilipa pingamizi hili makali yake alipouliza, itakuwaje kama mtu angeziokota mbao zote zilizotolewa merikebuni akaziunga upya kwa mpangilio wa kwanza? Sasa zipo merikebu mbili, na kila moja ina wakili wake. Katika ulimwengu wa magari hili si fumbo la darasani. Chesisi hutupwa baada ya ajali, gari likapewa nyingine na kuendelea na safari zake. Miongo kadhaa baadaye mtu anaiokota ile iliyotupwa, analijenga gari zima juu yake, na magari mawili yanadai namba moja. Jibu langu ni kwamba namba na jina ni vya lile lililoendelea kukabidhiwa, kama Jaji Otton alivyoona. Lakini la pili halilazimiki kuwa uongo. Linaweza kusema, bila aibu, kwamba ni gari lililojengwa mwaka fulani kutokana na mabaki ya gari fulani. Likisema hivyo, magari yote mawili yanakaa ndani ya ukweli na fumbo la Hobbes linapoteza makali. Linabaki kuwa gumu pale tu ambapo mmoja anataka kujipatia miaka asiyoipitia.

Kwenye pwani yetu tunalijua jambo hili hata pasipo wanafalsafa. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya ujenzi mpya wa karne ya 18, na paa lake ni la mabati ambayo hakuna fundi wa mwaka 1107 angeyatambua. Anayesali pale hasali katika nakala. Waliojenga upya waliyahifadhi maandishi ya kale ndani ya kuta za jengo lao. Hawakuyafuta ili waonekane wa kwanza, na hawakulighushi jengo lote lionekane la kale kuliko lilivyo. Mtu anaweza kusimama pale akasoma tarehe ya mwanzo, akatazama ukuta wa baadaye, na vyote viwili vikamwambia kweli. Ninaamini gari lililofufuliwa vizuri nyumbani linaweza kufikia uadilifu wa aina hiyo, kwa kiwango chake kidogo.

Tufike sasa kwenye puti. Kila aliyewahi kusimama na fundi bodi anajua kinachowezekana: shimo la kutu linawekewa wavu, linajazwa puti, linasuguliwa msasa hadi mkono usione tofauti, linapigwa rangi, na kwa mwaka mmoja au miwili gari linang'aa kuliko lilivyong'aa likitoka kiwandani. Chini yake kutu inaendelea na kazi yake. Katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita sokoni akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakutana na unyevu, akamwuliza mwuzaji kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Mwuzaji alisema ni mvua. Hakukatazwa kuuza nafaka iliyolowa, wala hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa mpangilio wa lundo. Naliona fundisho hilo kuwa sahihi kabisa kwa kazi ya kufufua magari, kwa sababu linaiondoa lawama mahali ambapo wapenda uasili wameiweka. Kutu si dhambi ya gari wala ya mwenye gari, mvua ilinyesha. Chesisi mpya si dhambi, wala injini ya kampuni nyingine. Kosa ni kuipanga kazi ili jicho la anayefuata lidanganyike.

Na hili linapata uzito wa pekee kwa kazi inayofanyika nyumbani. Gereji ya biashara ina mteja atakayerudi kulalamika, ina jina la kulinda, pengine ina mkaguzi. Anayefanya kazi uani kwake hana shahidi. Ndani ya bomba la chesisi ya Land Rover, mahali tope na maji vinapokaa na kuanza kula, hakuna atakayechungulia. Kama aliondoa chuma kilichooza hadi kufikia kizima, au alibandika bati jipya juu ya bovu na kupaka lami, ni yeye peke yake anayejua, labda kwa miaka 20. Waislamu wana neno la hali hiyo, ihsani: kumwabudu Mungu kama unayemwona, na ikiwa humwoni, kujua kwamba Yeye anakuona. Sidhani kama ni kulivuta neno hilo mbali mno kusema kwamba kazi ya mikono inayofanywa mahali pasipoonekana ni uwanja wake wa kawaida. Mkristo atalifikia jambo hilohilo kwa njia ya Baba aonaye sirini. Asiyeamini lolote bado atajikuta mbele ya mtu mmoja ambaye hawezi kumdanganya, naye ni yule aliyeshika mashine ya kuchomelea.

Kama hoja hii ni sahihi, basi ruhusa ya kubadilisha ni pana kuliko wapenda uasili wanavyokubali, na finyu kuliko wapenda mbwembwe wanavyopenda. Nchi nyingi hazikulazimisha mikanda ya usalama hadi baada ya Land Rover nyingi za miaka ya 1960 kuwa barabarani. Kumpandisha mtoto kwenye gari lisilo na mkanda, katika barabara ya leo yenye mabasi ya mwendo kasi na malori, kwa hoja kwamba kiwandani hakukuwa na mkanda, ni kuiabudu tarehe. Breki bora, taa bora, mikanda: hivi sivihesabu kuwa ruhusa tu, navihesabu kuwa wajibu kwa gari litakalobeba watu. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, katika Hati ya Turin iliyopitishwa mwaka 2012, linakubali kwamba mabadiliko ya maisha ya kazi ya gari ni sehemu ya historia yake, na kwamba si lazima gari lirudishwe lionekane jipya kama siku lilipoundwa. Linataka mabadiliko mapya yawe ya kiasi na yaandikwe, na linapendekeza hata sehemu mpya ziwekewe alama ya kudumu isiyosumbua macho. Pendekezo hilo la alama nalipenda sana. Linamtaka fundi ajivunie kazi yake na papo hapo akatae kuisingizia zamani.

Upande wa ufinyu ni huu. Badiliko linaloweza kurudishwa nyuma linamwachia anayefuata uhuru uleule alioukuta aliyelifanya. Badiliko lisilorudishika linaamua kwa niaba yake. Kutoboa dashibodi ya mwaka 1962 ili kuweka redio ya kisasa ni jambo dogo, lakini dashibodi ile haitazibika tena. Kukata bodi ya 109 ili iwe fupi, au kukata matao ya magurudumu ili matairi makubwa yaingie, kunahitaji sababu nzito kuliko kwamba itapendeza kwenye picha. Hapa mwenye mali atasema: gari ni langu, nimelilipia, nitalifanya nitakavyo. Kwa sheria yuko sahihi. Lakini hajalipia yote aliyoyapokea. Bei ilikuwa ya chuma na karatasi. Hakuna risiti ya kazi ya fundi aliyeliokoa mwaka 1975 wakati spea hazikupatikana, wala ya mwenye gari aliyekataa kuliuza kwa wanunua vyuma chakavu alipokuwa na shida ya fedha. Vitu hivyo vilimfikia bure. Mtu aliyepokea bure hawi mwizi akibadilisha, ila anajidanganya akidhani kwamba amekuwa mwanzo na mwisho wa kitu alichokikuta katikati ya safari.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka upande wa pili kabisa. John Ruskin aliandika mwaka 1849, akizungumzia majengo, kwamba kukarabati kwa kurudisha ni uongo tangu mwanzo, kwa sababu mkono uliochonga jiwe umekwisha kufa na hakuna awezaye kuurudisha. Afadhali kutunza, na mwisho kuacha kitu kife kwa heshima. Kuna gari linaloonekana kumpa haki: Bugatti ya mwaka 1925 iliyotolewa chini ya Ziwa Maggiore mwaka 2009, baada ya kulala majini kwa miongo mingi. Haikufufuliwa. Ilionyeshwa makumbusho huko California kama ilivyotoka, upande mmoja ukiwa umeliwa hata kubaki mifupa, na ninakubali kwamba kuipiga rangi ingekuwa hasara isiyolipika. Lakini Bugatti ile iliachwa kwa sababu kutu yake ilikuwa imeshakuwa ushuhuda wenyewe. Hakuna fundi ambaye angeongeza neno bila kufuta kubwa zaidi. Land Rover iliyooza chesisi huku bodi yake ya aloi ikiwa nzima haiko katika hali hiyo. Kazi yake haijaisha. Ruskin ana haki dhidi ya mtu anayedai kuirudisha zamani. Hana haki dhidi ya anayeendeleza kilichopo na kuandika tarehe ya mkono wake mwenyewe.

Na je, vipi kuhusu hazina za duniani? Injili ya Mathayo, sura ya 6, inaitaja kutu kwa jina pale inapoonya dhidi ya kujiwekea akiba mahali panapoharibika. Mtu anayetumia mishahara ya miaka kwenye gari ambalo halihitajiki, wakati karo za watoto hazijalipwa, hana utetezi kwenye ukurasa huu wala mwingine wowote. Lakini onyo lile ni juu ya moyo kukaa penye hazina, na nadhani ufufuaji wa gari ukifanywa kwa uaminifu unafundisha kinyume cha kung'ang'ania. Hakuna anayeijua kutu kama mtu aliyepambana nayo. Anajua kwamba chesisi aliyoipaka zinki itaoza pia, kwamba amenunua miongo na si milele, kwamba kuna mtu mwingine atakayelala chini ya gari hilohilo akifungua boliti alizozikaza yeye. Qurani imeipa sura nzima jina la chuma, na katika aya ya 25 inasema kwamba ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Kukirudisha chuma kwenye manufaa badala ya kukiacha kiwe takataka ni matumizi ninayoweza kuyatetea kuliko kununua gari jipya kila miaka michache na kulitupa la zamani.

Mtihani wa hoja hii ni badiliko kubwa kuliko yote yanayofanyika sasa, la kung'oa injini na kuweka mota ya umeme. Kenya yako magari ya watalii yaliyogeuzwa hivyo, na yanawakaribia wanyama bila mlio. FIVA imesema haiwezi kuupigia debe mtindo huo kwa magari ya kihistoria, na kwamba anayeufanya afikirie jinsi ya kuurudisha nyuma. Naielewa hofu yao: mlio na harufu ya injini ya mwaka 1965 ni sehemu ya ushuhuda wake. Lakini siwezi, kwa hoja niliyoishikilia hapa, kusema kwamba gari lililogeuzwa umeme limekufa. Old Number One lilipandishwa injini nyingine lilipokuwa bado changa, na mahakama haikuona kwamba jina lilitoka pamoja na ile ya kwanza. Ninalolidai kwa anayegeuza ni hili. Chesisi isikatwe ili betri zienee. Mota ifungwe kwenye mashikio yaliyopo au kwenye vibao vinavyofunguliwa kwa boliti. Injini iliyotoka isafishwe, imiminiwe oili, ifungwe turubai na kuwekwa mahali pakavu, namba yake ikiwa inasomeka. Kadi ya gari irekebishwe serikalini. Na liwepo daftari linalokaa na gari, lenye picha za chesisi kabla ya rangi, tarehe, jina la kila aliyechomelea na orodha ya kila kilichotolewa, pamoja na makosa yaliyofanyika na mahali yalipo, ili mwenye gari wa mwaka 2060 akitaka kuipandisha tena injini ya petroli, ajue aanzie wapi.